Dkt. Krapf na Ushahidi wa Mtu Mmoja

Vijana wetu hawana upungufu wa akili ya kubuni vitu. Msafiri anayeshika barabara ya kutoka Athi River kuelekea Namanga, akapita Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, akibisha hodi katika shule zilizo kandokando ya barabara hiyo ataonyeshwa majiko, vikingio vya maji ya mvua, taa na mashine ndogo ndogo zilizoundwa kwa mabati, mbao na nyaya kuukuu. Tangu masomo ya utangulizi wa ufundi yaingizwe katika sekondari msingi, shughuli hizo zimezidi. Hata hivyo, vingi vya vifaa hivyo hufia mezani siku ile ile maonyesho yanapofungwa. Walimu hulaumu uhaba wa fedha. Mimi, ambaye kazi yangu ni isimu wala si uhandisi, nadhani chanzo ni kingine, nacho hutokea mapema zaidi, kabla msumari wa kwanza haujapigiliwa. Hutokea pale mbunifu anapoamua ni nani atakayemwuliza habari za mtumiaji.

Mwaka uliopita shule moja iliyo karibu na Kitengela ilinialika niwasaidie wanafunzi kusahihisha Kiswahili cha maelezo ya vifaa vyao. Kundi moja lilikuwa limeunda chombo cha plastiki cha kukamulia na kuhifadhia maziwa, chenye bilula chini na mistari ya vipimo ubavuni. Kilikuwa kizuri kukitazama. Nikawauliza ni nani aliyewaeleza jinsi wafugaji wanavyoyatunza maziwa yao. Wakanijibu kwamba walimwuliza bawabu wa shule, ambaye ni Mmaasai. Basi mzee huyo aliwajibu vyema kila walichomwuliza; lakini yeye hakamui, wala hajawahi kusafisha kibuyu. Kazi hizo ni za wanawake. Mwanamke wa Kimaasai hukisugua na kukifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yaani mzeituni wa porini, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ile ladha ambayo watoto wake wameizoea. Plastiki ikiguswa na kijinga huyeyuka. Mwalimu wao aliponiuliza mambo hayo yanamhusuje mwanaisimu, niliwasimulia kwa kifupi maisha ya Dkt. Krapf. Hapa nayasimulia kwa mapana zaidi, kwa kuwa mwalimu yeyote wa Kiswahili amekwisha kulisikia jina hilo, ila wengi hulijua jina tu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Inasimuliwa kwamba angali mwanafunzi alitazama ramani ya Afrika Mashariki, akastaajabu kuona mahali pengi peupe pasipo na jina la mto wala la mji, na kwamba tangu siku hiyo mahali hapo peupe hapakumtoka moyoni. Alisomea umisionari huko Basel, kisha akaajiriwa na chama cha misheni cha Kanisa la Anglikana, ambacho hapa kwetu twakijua kwa herufi zake CMS. Mwaka 1837 alielekea Ethiopia. Aliishi Shoa kati ya 1839 na 1842, akajifunza Kioromo, na mwaka 1840 sarufi yake ndogo ya lugha hiyo ikachapishwa London. Krapf aliamini kwamba Waoromo wakishaupokea Ukristo, wao ndio watakaoueneza katikati ya Afrika nzima. Ulikuwa mpango mkubwa, uliochorwa juu ya ramani kabla ya Waoromo wenyewe kuulizwa.

Njia ya Ethiopia ilipofungwa, aliwaza kuwafikia watu hao hao kutoka kusini. Kwa ajili hiyo tu ndiyo maana alikuja pwani yetu. Alifika Unguja Januari 1844, akapewa barua na Sayyid Said ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na kabla ya katikati ya mwaka alikuwa amekwisha kutua Mombasa. Msomaji na aitie maanani nukta hii: mtu ambaye leo twamwita mwanzilishi wa taaluma ya Kiswahili hakuja kutafuta Kiswahili. Kwake kilikuwa daraja la kupitia.

Mwezi Juni 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani mwake. Mkewe Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kitandani. Alipopata nafuu alirejea kwenye maneno yake. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Hapa ndipo alipofanya uamuzi ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili anaishi nao hadi sasa. Watu wa pwani walikuwa na maandishi yao tangu kale. Waliandika tenzi, barua na hati za mashamba kwa herufi za Kiarabu. Krapf akachagua herufi za Kilatini. Sababu zake kuu zilikuwa kwamba herufi za Kiarabu zingeupa Uislamu nafasi zaidi, na kwamba za Kilatini zingewarahisishia Wazungu kujifunza. Ukizichunguza sababu hizo, zote mbili ni haja za mbunifu. Mtumiaji hayumo. Ni kweli kwamba herufi za Kiarabu zilikuwa na dosari zake, kwa mfano kukosa alama mbalimbali za kutenganisha irabu e na i, au o na u. Lakini dosari hizo zingeweza kurekebishwa, kama wanazuoni wa Mombasa walivyokuja kuonyesha baadaye, akiwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Herufi za Kilatini zilishinda kwa sababu serikali za kikoloni na shule zao zilizishika. Kifaa chaweza kuenea hivyo, kwa amri, na mbunifu wake akajidanganya kuwa alikuwa na shabaha nzuri. Nataja jambo hili kwa sababu wanafunzi hupenda kunitajia vifaa vilivyoenea bila ya watumiaji kuulizwa. Vipo. Ila mwanafunzi wa Kajiado hana serikali mfukoni.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Wafuasi walikuwa haba mno. Mringe, mtu mlemavu, ndiye wa kwanza kubatizwa, naye alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Safari, lakini, zilikuwa nyingi. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara kwa Kimweri, kisha Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona mlima ambao jina lake alilipokea kutoka vinywani mwa Wakamba, jina lililokuja kuwa la nchi yetu. Habari hizo zilipofika London, mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, alizikataa katakata. Cooley hakuwahi kuikanyaga nchi hii. Alikuwa ameichora Afrika ya ndani kwa vitabu vya zamani na masimulizi ya watu wachache, na theluji karibu na ikweta haikuingia katika mchoro wake. Krapf aliudhika, na alikuwa na haki ya kuudhika.

Safari ya 1851 nusura imwue. Msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake msituni. Hakuwa na kibuyu wala chupa. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaendelea na mwendo usiku kwa usiku. Wanafunzi hulipenda sana tukio hili, nami pia, maana mhunzi aliyeutengeneza ule mtutu hakuwaza hata siku moja kwamba utabebea maji. Mtumiaji aliyebanwa na kiu huona katika kifaa mambo ambayo mbunifu hakuyaona.

Sasa nafikia sehemu ya maisha yake inayowahusu watu wa Kajiado moja kwa moja, nayo ndiyo isiyosimuliwa sana. Kabla ya kuondoka Afrika Mashariki mwaka 1853 kwa sababu ya afya, Krapf alikusanya msamiati wa lugha ya Kimaa, na mwaka 1854 ukachapishwa Tübingen. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha lugha hiyo kuchapishwa. Aliita lugha hiyo Engutuk Eloikob, na neno la kwanza ni sahihi kabisa: kwa Kimaa enkutuk ni kinywa, na pia ni lugha. Lakini Krapf hakuwahi kufika katika nyanda za Kaputiei, ambako leo Kitengela imesimama, wala hakukaa katika boma la Mmaasai. Maneno yale aliyapata pwani, kwa kumtegemea kijana mmoja aitwaye Lemasegnot, wa watu wa Iloikop, ambao wenyeji wa pwani waliwaita Wakwavi. Kijana huyo alikuwa mtumwa.

Tuitafakari hali hiyo. Huyu ni mtu mmoja. Ni kijana. Ametengwa na jamaa zake, yuko mbali na ng'ombe, mbali na wazee na akina mama, na anajibu maswali ya mgeni katika nchi ambako yeye mwenyewe hana uhuru. Tena watu wake walikuwa wamepigana na Wamaasai, hivyo aliyoyasema juu yao yalikuwa ushahidi wa mtu aliyewaogopa. Simlaumu Lemasegnot hata kidogo. Kwa hali aliyokuwa nayo, alitoa zaidi ya alichoweza kudaiwa. Lawama, ikiwa ipo, ni ya aliyeyachukua maneno ya kinywa kimoja akayafanya kinywa cha taifa. Yule yule Krapf aliyechukizwa na Cooley kwa kuichora nchi bila kuiona, aliwachora Wamaasai bila kuwaona nyumbani kwao.

Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza ni sifa mbaya. Kwa maandishi ya Krapf, Ulaya iliwajua Wamaasai kama watu wakali kupita kiasi, na picha hiyo ilidumu hata baada ya Joseph Thomson kupita katika nchi yao, Ngong ikiwamo, mnamo 1883 na 1884, akarudi salama. Aidha, mgawanyo wa Wamaasai na Wakwavi uliwatatanisha wanahistoria kwa zaidi ya miaka 100. La pili ni la kiisimu, na hapa naomba walimu wanivumilie kidogo. Kimaa ni lugha ya toni. Katika sentensi yake ya kawaida kitenzi hutangulia, zikafuata nomino; na kinachoonyesha ni nani aliyetenda na nani aliyetendwa ni toni ya nomino hizo. Herufi ni zile zile, sauti hupanda au kushuka, na simba aliyemwona mwanamke anageuka kuwa simba aliyeonwa na mwanamke. Fauka ya hayo, Kimaa kina irabu tisa, ilhali herufi za irabu za Kilatini ni tano tu. Kwa orodha ya maneno peke yake mambo hayo hayaonekani. Huonekana pale watu wengi wanapozungumza wao kwa wao, wakacheka, wakabishana, nawe umekaa kando unasikiliza.

Kazi ilirudiwa. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kikubwa juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai mwaka 1905, na hiyo ilikuwa hatua. Lakini siri ya toni ilielezwa barabara mwaka 1955, katika sarufi iliyoandikwa na watu wawili pamoja: A. N. Tucker, profesa wa London, na John Tompo ole Mpaayei, Mmaasai. Jina la Mpaayei lilikaa juu ya jalada, sambamba na la profesa. Tangu 1854 hadi 1955 ni miaka 101. Ndio muda uliopita kati ya mtumiaji kuwa chanzo cha maneno na mtumiaji kuwa mwandishi.

Yapo mambo ya aina hiyo katika Kajiado yasiyo ya lugha. Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, lilishughulikia moshi wa majikoni katika nyumba za Kajiado na za magharibi mwa Kenya. Ingekuwa rahisi kuleta jiko jipya kutoka maabara na kuligawa. Walianza kwa kuzungumza na wanawake, maana katika jamii ya Kimaasai mwanamke ndiye aijengaye nyumba na ndiye anayeketi motoni. Yaliyotokana na mazungumzo hayo ni madirisha mapana zaidi na dohani za bati zilizotundikwa juu ya moto, nao moshi ukapungua kwa kiasi kikubwa. Hapakuwa na ajabu ya kihandisi ndani yake. Aliyeulizwa alikuwa yule aliyekohoa.

Turudi kwa Krapf, maana haitakuwa haki kumwacha na kosa la Kimaa peke yake. Katika Kiswahili aliishi na wasemaji, aliwauliza wengi, na mwaka 1850 alitoa kitabu chembamba cha misingi ya sarufi, pamoja na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Vitabu hivyo vilikuwa na makosa, na yeye alijua. Alivitoa hata hivyo, na waliomfuata wakavitumia, wakavikosoa, wakavipita. Kamusi kubwa, kwa upande mwingine, aliikalia. Alianza kukusanya maneno yake mwaka 1844 na hakuacha kuongeza. Alirejea Afrika Mashariki mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti huko Ribe, akaenda tena Ethiopia na jeshi la Waingereza mwishoni mwa 1867 akiwa mkalimani, akarudishwa na maradhi. Mji wake wa uzeeni ulikuwa Kornthal, na huko Rebmann naye alihamia baada ya kurudi mwaka 1875, akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Muda wote huo kamusi ilizidi kunenepa: dini, mitishamba, mila, methali, vyote vikaingizwa ndani yake.

Wakati huo huo Edward Steere alikuwa Unguja. Alifika 1864, na mwaka 1865 tu akachapisha makusanyo yake ya kwanza papo hapo kisiwani, vijitabu vidogo visivyokamilika. Wanafunzi na wenzake walivitumia, naye akavirekebisha, hata mwaka 1870 akatoa mwongozo kamili wa Kiswahili cha Unguja uliochapishwa mara nyingi baadaye. Simsifu Steere kwa kuwa alijua Kiswahili kuliko Krapf. Katika utajiri wa maneno hakumfikia. Namsifu kwa kuwa alikubali kitabu chake kionekane na upungufu wake kingali kidogo.

Krapf alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Husimuliwa kwamba alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, 1882, bila ya mikono yake, imejaa hazina na imejaa fujo; kwa mwanafunzi anayetaka neno moja upesi ilikuwa kama kutafuta sindano katika ghala la mpunga. Miaka 43 baadaye, mwaka 1925, Kasisi H. K. Binns wa Mombasa aliipanga upya, akaisafisha, akaitoa katika umbo linaloweza kushikika. Alikuwa amechelewa kidogo. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walikutana kuchagua lahaja ya kusanifishwa. Walikutana Mombasa, mji wa kamusi ile, wakachagua Kiunguja. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kazi ya A. C. Madan wa Unguja.

Wanaoifungua kamusi ya Krapf siku hizi ni sisi tunaosoma mashairi ya kale ya Kimvita, tunapokwama kwa neno ambalo wazee waliolijua wamekwisha kufa. Nakala ninayoitumia imechakaa kurasa za herufi M, na pambizoni mna alama za penseli za wanafunzi wa miaka mingi.